Mgomba-Mwitu wa Milimani Katika Bustani ya Uingereza

(Mhadhara wa wazi uliotolewa London mbele ya Waswahili waishio Uingereza na wapenzi wa bustani)

 

Nimeombwa nizungumze juu ya mimea ya nchi za joto inayopandwa katika nchi za baridi kwa uzuri wa majani yake. Mada hiyo ni pana, nami nimeibana kwa mmea mmoja tu: mgomba-mwitu, ambao wataalamu wa mimea huuita Ensete ventricosum. Kusudi langu ni kuonyesha kwamba mmea huu unaweza kukaa miaka mingi katika bustani ya Uingereza, na kwamba njia ya kuukalisha inapatikana kwa kutazama kwao ulikotoka. Wengi hapa mmenunua mgomba mwezi wa Mei, mkaufurahia hadi Septemba, na ifikapo Februari mkautupa umeoza. Nimekuja kuzungumza nanyi hasa.

Kwanza tuujue. Waliokulia Usambara, Uluguru au kwenye miteremko ya Mlima Kenya wameuona umesimama mabondeni karibu na vijito. Kwa mbali utadhani ni mgomba wa kawaida. Ukiusogelea, unaona shina lake limevimba chini, na majani yametoka karibu na ardhi, yamesimama wima kuelekea juu, mapana, na uti wa jani kwa upande wa chini una wekundu. Tazama shinani: hakuna machipukizi. Mgomba wa ndizi huzaa watoto ukazungukwa nao, lakini huu husimama peke yake. Matunda yake ni vijidizi vikavu vilivyojaa mbegu nyeusi, ngumu, kila moja zaidi ya sentimita moja. Hutoa maua mara moja tu katika maisha yake, kisha hufa.

Nami nisingependa tuuite pambo tukaishia hapo. Kusini mwa Ethiopia, kwa Wagurage, Wasidama na wengineo, mmea huu ni chakula cha watu wanaokadiriwa kufika milioni 20. Hawali tunda lake. Hukwangua maganda ya shina na kuponda tunguu, wakavundika shimoni, wakaoka mkate uitwao kocho. Mvua ikikatika na nafaka ikakauka, mgomba huu bado umesimama na akiba yake ndani. Anayeupanda Croydon kwa ajili ya macho yake anapanda mkate wa watu, na inafaa alijue hilo.

Hoja ya kwanza: mmea huu si mgeni wa juzi Uingereza

Msafiri wa Kiskoti, James Bruce, aliuona Ethiopia, akauchora na kuueleza katika kitabu chake cha safari kilichotoka mwaka 1790. Mwaka 1853 balozi mdogo wa Uingereza aliyekuwa Massawa alipeleka mbegu bustani ya Kew, akataja na jina zinaloitwa huko. Hata hivyo, pale Kew hawakuzitambua mpaka zilipoota na mmea ukawa mkubwa mbele ya macho yao, ndipo walipojua kuwa ni ule wa Bruce.

Haukupita muda mrefu. Katika miaka ya 1860, John Gibson, aliyekuwa msimamizi wa Battersea Park hapa hapa London, alitengeneza bustani ya mimea ya nchi za joto, akaionyesha nje, hewani, wakati wa majira ya joto. Watu waliozoea vitanda vya maua madogo ya rangi kali walikutana na majani yanayomzidi mtu kimo. Mwaka 1871 mwandishi wa bustani William Robinson alitoa kitabu kizima juu ya upandaji wa namna hiyo. Na mwaka 1993 Christopher Lloyd, akishirikiana na Fergus Garrett, alifanya jambo lililowaudhi wengi: aling'oa bustani ya waridi ya zamani ya nyumbani kwake Great Dixter, Sussex, akapanda migomba, kana na dalia. Mimi nasema alifanya sawa. Waridi lina mahali pengi Uingereza.

Hapa nitoe neno la pembeni kwa ndugu zangu wa Unguja. Lile ua dogo linalojaa kwenye vikapu vya madirisha nchi hii, Impatiens, liliwahi kuitwa na wataalamu kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar: Impatiens sultani, mwaka 1882, baada ya John Kirk kulipeleka Kew. Nayo ile Saintpaulia ya vyungu vya jikoni ilitoka Usambara. Kwa hiyo mkipita katika maduka ya maua ya Uingereza, mnapita kwa jamaa.

Hoja ya pili: tuupime kwa kimo cha milima

Hii ndiyo hoja ninayoitegemea, na nitakaa nayo kidogo.

Sisi tuliotoka pwani tunaujua mgomba wa joto. Mgomba wa Tanga au wa Mombasa umezoea usiku ambao haushuki sana chini ya nyuzi 20. Mtu wa huko akifika London, akaona Julai yenyewe mchana ni nyuzi 23 au 24, husema papo hapo kwamba hapa mgomba haukai. Kwa mgomba wa ndizi za kula anasema kweli; utaota majani, lakini mkungu atausubiri sana.

Mgomba-mwitu ni mtu wa milimani. Ethiopia hulimwa hasa kati ya mita 1,500 na 3,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Chukueni Addis Ababa, mji ulio juu ya mita 2,300. Mchana wake, karibu mwaka mzima, huwa kati ya nyuzi 20 na 25, na usiku hushuka hadi nyuzi kumi hivi. Sasa wekeni kando yake kipimajoto cha London cha mwezi wa Julai: mchana nyuzi 23 au 24, usiku 14 hivi. Yaani kwa miezi mitatu au minne mmea huu haukosi chochote hapa. Unapata na ziada: mwezi wa Juni mwanga wa jua London hudumu zaidi ya saa 16, ilhali Addis Ababa haufiki 13. Ndiyo maana ukipewa maji na samadi hutoa jani juu ya jani bila kupumzika, na mwenye bustani hubaki kushangaa.

Taabu huanza siku zinapofupika. Desemba London ina mwanga usiofika saa nane kwa siku, na huo wenyewe ni hafifu, umechujwa na mawingu. Kule milimani mmea huu haujawahi kukutana na giza la namna hiyo. Umekutana na ubaridi, na kiangazi cha miezi kadhaa pia umekizoea. Tunguu lake na maganda ya shina hubeba maji ya kuvukia. Lakini giza haujui, wala haujui ardhi ya baridi iliyolowa maji kuanzia Novemba hadi Machi.

Kutokana na hayo tunapata kanuni ya kazi: joto liende sambamba na mwanga. Mwanga ukipungua, punguza joto na maji, mmea ulale. Wengi huhamishia mgomba sebuleni, wakauweka karibu na hita, wakaumwagilia kwa huruma. Joto linauambia uote, na mwanga wa kuoteshea haupo. Unatoa jani jembamba, refu, limepauka, kisha hewa kavu ya hita inaleta utitiri mwekundu chini ya majani. Machi ikifika mmea umekwisha akiba yake yote. Huruma hiyo imeua migomba mingi kuliko theluji.

Hoja ya tatu: majira ya joto, usiuhesabie chakula

Katika hoja hii nitapita upesi, kwa kuwa mnaijua kazi ya shamba.

Usiupande nje kabla ya mwisho wa Mei, maana jalidi ya usiku mmoja inaweza kuja hata baada ya wiki nzima ya jua. Kabla ya kuupanda, uzoeshe nje: mchana utoe, usiku uingize, kwa wiki moja au mbili, la sivyo majani yaliyokulia ndani huungua kwa jua na upepo. Chimba shimo pana, changanya samadi iliyooza vizuri au mboji, na mara udongo ukishapata joto mwagilia bila ubahili. Mizizi yake haiendi chini sana, hivyo matandazo juu ya udongo yanasaidia. Mbolea yenye nitrojeni iendelee hadi Agosti, kisha uiache ili mmea usiingie Oktoba ukiwa laini.

Upepo nao msiupuuze. Jani la mgomba limeumbwa kuchanika kwa mistari, upepo upite bila kuuangusha mti, kwa hiyo kuchanika hakuudhuru sana. Lakini sisi tumeupanda kwa ajili ya jani, na jani lililobaki nyuzinyuzi halina la kuonyesha. Utafutie kona yenye ukuta au ua wa miti. Na kama una nafasi ya kuchagua, uweke mahali ambapo jua la jioni litapita nyuma yake. Hasa ile aina ya majani mekundu iitwayo 'Maurelii', iliyopewa tuzo na Royal Horticultural Society: ukisimama upande wa pili saa moja jioni mwezi wa Julai, jani zima linawaka rangi ya damu ya mzee, na mishipa yake yote unaihesabu. Ndugu zangu, sijaona ua linaloshinda hilo.

Hoja ya nne: kazi ya Oktoba ndiyo kazi yenyewe

Tuelewe kwanza jalidi inaua vipi. Maji yaliyo kati ya seli za jani huganda kwanza, na barafu hiyo huyavuta nje maji ya ndani ya seli. Seli hunyauka na utando wake mwembamba huharibika. Alfajiri jani huwa na rangi ya kijani iliyoiva, la kioo kioo, kama mchicha uliochemshwa. Adhuhuri limekuwa jeusi na linaning'inia.

Sasa, katika maduka ya hapa huuzwa mgomba mwingine, Musa basjoo, wenye asili ya kusini mwa China ingawa watu wameuzoea kama mgomba wa Kijapani. Huo majani yake huungua vilevile, lakini tunguu lake likifunikwa matandazo mazito huvumilia baridi kali ardhini, na majira ya kuchipua hutoa machipukizi. Unaweza kuuacha hapo hapo, ukakata majani, ukauzungushia wavu wa kuku na kujaza mabua makavu ya ngano, juu ukafunika mvua isiingie. Watu huuona wa jirani umevuka hivyo, wakaufanyia mgomba-mwitu, na huwa mwisho wake. Kumbukeni nilichowaonyesha mwanzoni: mgomba-mwitu hauna machipukizi. Una kiini kimoja cha ukuaji, kimejificha chini katikati ya shina. Hicho kikioza, hakuna mtoto wa kushika nafasi.

Kwa hiyo unang'olewa. Kabla ya jalidi ya kwanza, kwa kawaida ndani ya Oktoba, chimba kuuzunguka kwa umbali wa futi moja kutoka shinani. Mizizi ni minene, myeupe, kama kamba, na hukatika kwa urahisi. Msiionee huruma, itaota mingine. Mpate watu wawili wa kuunyanyua, kwa maana shina limejaa maji. Kata majani ya nje karibu na shina, ubakishe lile la katikati ambalo bado limejiviringa na pengine moja la kando yake. Kisha ulaze kichwa chini kwa siku kadhaa chini ya paa. Hatua hiyo wengi huiruka, nayo ndiyo yenye faida kuliko zote: maji yaliyonaswa kati ya maganda ya shina hutiririka nje, na ndiyo maji ambayo yangekaa humo Desemba nzima yakiozesha kiini.

Baadaye usimamishe katika chungu kinachoutosha tu, kwa udongo ulio karibu kukauka, uuweke bandani au gereji isiyoganda, kwenye nyuzi kama 7 hadi 10. Mwanga kidogo unatosha ukiwa umelala. Mara moja kwa mwezi uende na kidole gumba. Bonyeza chini ya shina kuzunguka kote. Pakiwa pagumu, ondoka, usiuguse zaidi. Pakibonyea na kutoa harufu ya kuchacha, chukua kisu safi ukate tabaka kwa tabaka mpaka ukute nyama nyeupe isiyo na doa, uache jeraha likauke hewani. Nimeona mmea uliokatwa hadi kubaki kigogo cha ukubwa wa kopo la maziwa ukatoa jani Aprili. Maji, kama shina limesinyaa kabisa, ni kikombe kimoja.

Machi, mwanga ukirudi, usogeze dirishani au katika nyumba ya vioo, uongeze joto kidogo na uanze kumwagilia. Jani lililojiviringa litasukuma juu. Mmea uliovuka majira mawili ya baridi kwa njia hii hurudi bustanini na tunguu kubwa zaidi kila mwaka, na mwaka wa tatu humzidi mtu kimo.

Hoja ya tano: tusibebe mche katika sanduku

Naomba wazazi wanisikilize hapa kwa makini. Mtu akienda likizo Lushoto au Bukoba, akauona mche wa mgomba, hutamani kuja nao. Tusifanye hivyo. Sheria ya nchi hii inataka cheti cha afya ya mimea kwa mmea hai, lakini sababu kubwa zaidi ni yale yaliyotupata sisi wenyewe.

Kuna mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria wa Xanthomonas. Ulielezwa mara ya kwanza mwaka 1968 huko Ethiopia, na ulielezwa ukiwa juu ya mmea huu huu wa ensete. Mwaka 2001 ulitambuliwa Uganda kwenye migomba ya ndizi. Kutoka hapo ulienea Kongo, Rwanda, Tanzania kupitia Kagera, Kenya na Burundi. Unasafiri kwa panga lililokata mti mgonjwa, kwa wadudu wanaotembelea ua, na kwa mche unaochukuliwa shamba hili kupelekwa lile. Waliotoka Kagera wanajua maana ya kuona ndizi zimeiva kabla ya wakati na ndani zimeoza. Kule mgomba ni chakula, ni bia, ni mahari, ni kivuli cha kahawa.

Basi nunueni miche iliyokuzwa hapa. Ule mwekundu sasa huzalishwa maabara kwa wingi, na unapatikana kirahisi. Wanaotaka wa kijani waanze na mbegu kutoka kwa muuzaji mwenye vibali: loweka katika maji ya uvuguvugu siku moja au mbili, panda Februari ndani kwenye nyuzi 25 hivi, na uwe na subira, kwa kuwa moja huota baada ya wiki chache na jirani yake baada ya miezi. Na panga au kisu kisitoke mti mmoja kwenda mwingine bila kusafishwa, hata hapa.

Tunakokwenda

Wapo wanaosema nchi hii inapata joto, na punde hatutahitaji kung'oa wala kufunika. Nawajibu kwa mwaka mmoja tu. Tarehe 19 Julai 2022, Coningsby, kaunti ya Lincolnshire, ilipimwa nyuzi 40.3, joto ambalo halikuwahi kupimwa Uingereza. Desemba ya mwaka huo huo, Braemar, Uskoti, ilishuka hadi nyuzi 17.3 chini ya sifuri, na hata bustani za kusini ziliganda siku nyingi mfululizo. Mimea mingi ya nchi za joto ambayo wenyewe waliiamini ilikufa. Majira ya baridi yanayokuja huenda yakawa na joto kidogo, lakini yatakuwa na mvua, na unyevu ni adui wa mmea huu kama jalidi. Oktoba itabaki kuwa mwezi wa kazi.

Nina maombi mawili. La kwanza ni kwenu mnaorudi nyumbani milimani mara kwa mara. Wapo wazee wanaojua kila bonde ulikosimama mgomba-mwitu, jina lake katika lugha ya pale, na matumizi ya majani yake na nyuzi zake. Kaeni nao, mwandike. Mabonde hayo ndiyo yenye maji, na mashamba yanayasogelea.

La pili ni kwenu mtakaopanda Mei ijayo. Wekeni daftari: tarehe uliyoupanda, majani mangapi ulitoa, tarehe ya jalidi ya kwanza mtaani kwenu, siku uliyoung'oa, joto la banda, na hali ya shina kila mwezi ulipolibonyeza. Maelezo yaliyopo yameandikwa na watu waliouona mmea huu kwanza katika chungu. Sisi tunao watu walioukuta bondeni, na kumbukumbu zao zikikutana na daftari za bustani za Leeds, Cardiff na Reading, tutakuwa na mwongozo wa Kiswahili unaofaa kuchapishwa. Leteni daftari hizo mkutano wa mwakani, hata kama mmea umekufa. Sasa Bwana Mwenyekiti nakurudishia kikao kwa maswali.